Usingizi wa Dada Trufena

Mwaka jana nilipita Kapsoit nikiwa na mpwa wangu, vioo vya gari vimeshushwa, mvua imetoka tu kunyesha. Kabla hata sijaona mabati ya kiwanda, harufu ilinifikia: majani chai mabichi yanayonyaushwa, harufu iliyo kati ya nyasi zilizofyekwa na tunda lililoanza kuiva kupita kiasi. Mpwa wangu alikuwa akinieleza jambo fulani la siasa. Sikumsikia tena. Nilikuwa nimerudi kwenye nyumba yetu ya kambini, baba akiingia asubuhi kutoka zamu ya usiku, koti lake likinuka kiwanda kizima, na dada yangu Trufena akiwa kwenye mkeka kando ya ukuta, amelala macho wazi.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa kwenye kambi za wafanyakazi wa chai mtazikumbuka zile nyumba nyeupe zilizopangwa kwa mistari, zote sawa, kila moja na kibustani chake cha sukuma wiki, na chai pande zote hadi macho yachoke na rangi ya kijani. Watu wetu walikuwa wametoka Maragoli, wengine Bunyore, wengine Kisii, wote wamefuata kazi. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, walikaa Wakipsigis wenye ng'ombe, na maziwa tulinunua kwao. Uhuru ulikuwa umeshafika, bendera pale ofisini ilikuwa imebadilishwa, lakini matope ya njia ya kwenda kisimani yalikuwa yale yale.

Mama alikuwa mchumaji wa chai. Baba alifanya kazi orofani kiwandani, mahali pa kunyaushia majani, akiyageuza usiku kucha ili yasiungue wala yasioze. Watoto tulikuwa wawili tu, Trufena wa kwanza na mimi wa mwisho. Waliozaliwa katikati yetu hawakuishi. Jambo hilo lazima nilitaje, kwa sababu bila kulijua mtu anaweza kumdhania mama vibaya.

Trufena alikuwa mtoto wa mbio. Mama akimtuma dukani alitema mate chini na kumwambia arudi kabla hayajakauka, na kweli alirudi yangali mabichi, akihema na kucheka. Kuruka kamba hakuna aliyemweza. Netiboli alicheza na wasichana waliomzidi kimo, na mpira aliurukia kama kuku anayerukia mdudu hewani. Alipewa jina la mama mzazi wa baba, kwa hiyo baba hakumwita Trufena. Alimwita mama. "Mama, niletee maji." Nami nilikuwa nikidhani ndiyo sababu anamsikiliza sana, kwamba mtu hawezi kumpuuza mama yake hata kama bado anavaa sare ya darasa la sita.

Siku moja akaanguka paredi, mbele ya shule nzima. Akatetemeka, akatokwa na povu, akakojoa, kisha akalala kama mtu aliyetoka safari ndefu. Baada ya hapo akaanguka tena, na tena. Mwalimu mkuu alimwita baba, akamwambia kwa upole kwamba watoto wengine wanaogopa na wazazi wamelalamika. "Akipona, mlete." Miezi michache baadaye Trufena aliangukia jiko nyumbani, na mkono wake wa kushoto ukaungua kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja.

Hapo ndipo mama alipotandika ule mkeka. Trufena asiende mtoni. Asisogelee jiko. Asikimbie, asiruke, asipande mahali. Akae pale mama atakapomkuta jioni yu hai. Majirani walisema povu la ugonjwa ule linaambukiza, wakashauri awe na kikombe chake peke yake. Mama hakubishana nao. Walipokuja kututembelea, alichukua uji uliobaki kwenye kikombe cha Trufena, akaunywa wote mbele yao, polepole, akiwatazama. Nilikuwa mdogo lakini nilijua nimeona jambo kubwa.

Ugonjwa wenyewe sikuuelewa. Nilisikia watu wazima wakisema "kifafa kimemwangusha," "kifafa kimemshika," nami nikaamini kwamba kifafa ni kitu kidogo, kiumbe cha kimo cha kuku hivi, chenye mikono, kinachoishi mahali fulani katika nyumba yetu. Kama kingekuwa kikubwa wangekiita kwa jina kubwa. Nilikitafuta nyuma ya mtungi. Nilikitafuta chini ya kitanda. Nilishangaa jinsi kitu kidogo namna ile kinavyoweza kumwangusha Trufena aliyewashinda wasichana wote wa kambi.

Kutwa nzima dada alikaa mkekani akisinzia na kushtuka, akisinzia na kushtuka. Usiku tulilala kitanda kimoja, nami kila nilipogeuka nilimkuta yuko macho, ananing'iniza mguu mmoja nje ya blanketi na kuutikisa, kama mguu ule ulikuwa na safari yake. Daktari wa zahanati ya kambi alimpa vidonge vyeupe, ameze kila jioni baada ya chakula bila kukosa. Vilisaidia. Zile siku za kuanguka mara kwa mara zilipungua. Lakini hazikuisha, na Trufena alinyauka. Mashavu yaliingia ndani. Kuongea aliongea kidogo, na kucheka aliacha kabisa.

Kisha mvua kubwa zikaja na chai ikachipuka kwa nguvu. Nyapara alitaka kila mkono shambani, na hapakuwa na jirani hata mmoja aliyebaki kambini wa kumwangalia mgonjwa. Mama akaamua kutuchukua sote wawili. Alimketisha Trufena mwanzoni mwa mstari, juu ya gunia, akamwambia asiinuke.

Alikaa kitambo. Kisha nikamwona ameinuka, ameingia katikati ya chai, mikono yake inachuma. Mama akapiga kelele. Trufena akajibu bila kugeuka, "Nachuma tu, mama. Kuchuma si kukimbia." Mama alikuwa nyuma ya wenzake na kikapu hakijajaa, akamwacha. Kikapu kilipojaa, Trufena akakibeba mgongoni hadi kwenye kibanda cha mizani kule juu, akarudi na kikapu kitupu, na jasho, na matope hadi magotini. Akakijaza tena. Mama alimfuata kwa macho siku nzima kama mtu anayetazama chungu kinachobebwa na mtoto.

Jioni ile Trufena alimeza kidonge chake, akala ugali wake wote, akaomba nyongeza, akajinyoosha kitandani kabla sijamaliza kunawa mikono. Mara nyumba ikajaa sauti nzito, kama mtu anayekokota kiti sakafuni. Niliogopa. Nikafikiri kifafa kimekuja.

"Mama, ni nini hiyo?"

Mama alikuwa ameshika upawa. Aliuweka chini, akasikiliza, na uso wake ulifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Dada yako anakoroma," akasema. "Nyamaza, Rasoa. Mwache akorome."

Tangu siku hiyo Trufena alidai kazi. Aliteka maji, mama akiwa pamoja naye. Alilima kile kibustani. Asubuhi alichukua kopo la maziwa kwenda ng'ambo kwa Mama Chepkoech, nami nilitumwa nimfuate, ili akianguka nipige mayowe. Njia ilishuka hadi kwenye daraja la mbao, kisha ikapanda kilima kikali kuliko vyote ninavyovijua. Mwanzoni alitembea. Kisha akaanza kupanda haraka haraka. Mwishowe, mara tu tulipovuka daraja, alinipa kopo, akakunja rinda lake, akakimbia.

Mimi nilielewa kila kitu. Alikuwa anakikimbia kifafa. Kina miguu mifupi, hakiwezi kupanda kilima! Nilisimama pale chini na kopo langu nikitazama nyuma, kwenye daraja, nikingoja kukiona kinatokea kwenye ukungu kikihema. Sikukiona, nikahesabu huo kuwa ushindi wetu.

Mama Chepkoech alikuwa mama mnene, mchangamfu, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kikipsigis. Alisimama kwenye lango la ng'ombe na kumpokea Trufena kwa kicheko. "Huyu anakimpia kama ndama! Kesho kuja tena. Mimi napenda mtoto ya kukimpia." Alijua habari ya ugonjwa, kila mtu aliijua. Alimpa maziwa kwa kikombe cha nyumba yake, akamketisha kando yake, akamwambia apumzike kwanza ndipo ateremke. Nikimkumbuka mama yule leo, nafikiri alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kumtazama dada yangu bila kurudi nyuma hatua moja.

Trufena alinona. Usiku alilala, mchana alikuwa macho, kama watu. Wasichana wa kambi wakaanza kumwita tena uwanjani jioni, na mama akamruhusu kwa shingo upande. Mvua zilikwisha, jua likaja, na kifafa kilikuwa hakijaonekana. Nilianza kuamini kimehama.

Halafu mzee mmoja wa kanisa letu akafiwa na mkewe. Wote tulienda matangani, na kama ilivyo desturi, waliokwenda walikesha. Trufena alikuwa na sauti nzuri, akawekwa mbele na waimbaji, akaimba hadi jogoo wakawika. Siku iliyofuata hakulala, kulikuwa na kupika na kuosha vyombo na wageni. Jioni wasichana walipoita, akaenda uwanjani. Aliupokea mpira mara moja tu, akauinua juu, kisha mikono yake ikakakamaa huku bado ameushika, akaanguka chali mbele ya kambi nzima.

Walimbeba hadi nyumbani. Watu wakajaa mlangoni. Mzee Yohana, aliyekuwa kiongozi wa kanisa letu na mtu aliyetupenda kwa dhati, aliomba, kisha akamgeukia mama. "Mama Trufena, nilikuwa naona nikinyamaza. Mtoto amechoshwa. Mgonjwa hachoshwi. Hizi mbio zimeurudisha ugonjwa." Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Kesho yake asubuhi, mkeka ulikuwa umetandikwa tena kando ya ukuta.

Baba alirudi kutoka kiwandani akamkuta Trufena ameketi juu yake, ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka bila sauti. Hakuvua koti. Alichukua kiti kidogo cha mama, akakaa mbele yake.

"Mama," akamwambia, "niambie."

Sikuwahi kumsikia mtoto akizungumza na baba yake namna ile. Siku hizo mtoto aliambiwa, hakuulizwa. Trufena alifuta pua kwa mkono wake wenye kovu.

"Baba, si mbio. Ni usingizi. Matangani sikulala kabisa, na siku iliyofuata sikulala. Siku ile ya paredi, Rasoa alikuwa na homa, tulikesha naye mimi na mama. Umesahau?"

"Na siku ya jiko?" mama akauliza kutoka mlangoni. "Siku ya jiko ulikuwa umelala mchana kutwa."

"Mchana, mama. Usiku sikulala. Nikilala mchana, usiku hauji. Usiku usipokuja, kinakuja chenyewe." Akavuta pumzi. "Nikikimbia nalala. Nikilala, siku ya pili niko sawa. Sisemi nimepona. Nasema tu najua kinapopitia."

Mama alisema Mzee Yohana ameona mengi, na kwamba mgonjwa hachoshwi. Trufena akamtazama baba, akasema kwa sauti ya chini, "Nataka kuchoka, baba. Nataka kuchoka kama watu wengine."

Mimi nilikuwa nimejibanza pembeni mwa kitanda, na harufu ya majani chai kutoka kwenye koti la baba ilikuwa imejaa chumba kizima. Baba akaongea, lakini alimwambia mama, si Trufena.

"Nilipoanza zamu ya usiku nilikuwa sijazoea. Mchana kambi ina kelele, sikuweza kulala. Usiku mmoja nilimwona marehemu baba yangu amesimama katikati ya majani, amevaa kofia yake. Nikamsalimia. Wenzangu wakanicheka. Kichwa kisipolala kinaleta mambo, mama Trufena. Changu ni kizima na kilinionyesha wafu. Cha huyu je?"

Akainuka, akaukunja mkeka, akausimamisha nyuma ya mlango.

Kuanzia siku iliyofuata baba alifanya jambo lililoifanya kambi icheke kwa muda mrefu. Alipotoka kiwandani asubuhi, mtu aliyesimama kwa miguu usiku kucha, hakwenda kulala. Alimchukua Trufena wakavuka daraja pamoja, wakapanda kile kilima, yeye akiwa na koti lake la kazi na viatu vya mpira vilivyopiga kofi kila hatua. Trufena alitangulia mbio, akamngoja juu. Baba alifika akihema kama ng'ombe wa jembe, na Mama Chepkoech akasema huyu naye ni ndama mzee. Watu walisema mlinzi wa chai amekuwa mlinzi wa kifafa. Baba aliwasalimia na kupita.

Na masharti aliyaweka. Kidonge kila jioni, bila kisingizio. Kulala mapema, hata kama kuna wageni, hata kama kuna hadithi tamu. Matangani ataimba hadi jua lizame, kisha arudi. Mtoni na jikoni asiwe peke yake. Mzee Yohana alipouliza kwa nini sauti nzuri kama ile haikeshi na wafiwa, baba alimjibu kwa heshima, "Mzee, Mungu aliyeumba wimbo ndiye aliyeumba usingizi." Mzee Yohana alicheka, na tangu hapo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kumwambia Trufena jioni, "Haya, mwimbaji, nenda ukalale."

Sitaki kumdanganya mtu. Kifafa hakikuhama. Kilikuja mara chache katika miaka iliyofuata, na kinamtembelea hata leo kwa nadra, huko Sigor alikoolewa, alikozaa, na anakofuga ng'ombe wake. Bado anameza dawa. Bado anatembea kila asubuhi, mwendo ambao wakwe zake wanaona ni wazimu kwa mwanamke wa umri wake. Nimesikia madaktari wa siku hizi wakieleza mambo ya usingizi na mazoezi kwa maneno marefu, nami huwasikiliza kwa adabu. Lakini ninayemstahi ni msichana wa darasa la sita aliyekaa mkekani akajichunguza mwenyewe, wakati sisi sote tulikuwa tunamtazama yeye tu na kulia.

Muhula mpya ulipoanza, baba alimvalisha sare na kumpeleka shuleni, mimi nikiwafuata nyuma kwa sababu mwaka huo nilikuwa naingia darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye miwani. Aliuliza kama mtoto amepona.

"Hapana, Mwalimu," baba akasema. "Sijaleta mtoto aliyepona. Nimeleta mtoto anayeujua ugonjwa wake."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimuuliza Trufena wafanye nini akianguka. Trufena akamweleza: waondoe madawati, wamwekee sweta chini ya kichwa, wamlaze ubavu, wasimtie kijiko mdomoni kwa maana kiliwahi kumvunja jino. Kisha wamwache alale. "Hilo la mwisho ndilo kubwa, Mwalimu. Nikiamshwa upesi, siku nzima inaharibika." Mwalimu mkuu akasema, "Tutajaribu."

Alikaa vizuri majuma mengi, akarudi uwanjani, akaifungia timu ya shule mabao. Kisha asubuhi moja, somo la hesabu, akaanguka. Nilikuja kuitwa na msichana wa darasa lao. Nilikimbia nikilia, nikijua kwamba sasa mambo yamekwisha, kwamba jioni ile sare itakunjwa na kuwekwa sandukuni.

Nilipofika, wasichana walikuwa wamefanya yote aliyowafundisha. Madawati yalikuwa kando. Alilala ubavu, masweta matatu chini ya kichwa. Mtetemeko ulipokwisha, mwalimu mkuu mwenyewe alimbeba hadi ofisini kwake, akamlaza kwenye benchi refu, akamfunika koti lake. Akatoka na kuurudisha mlango polepole. Nikangoja aniambie niende nikamwite baba.

Badala yake alichukua kiti akaketi nje ya mlango ule, vitabu vya kusahihisha magotini. Wakati wa mapumziko ukafika. Kiranja wa kengele, msichana wa darasa la saba, alikuja na chuma chake hadi kwenye kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, hatua chache kutoka ofisini. Akainua mkono apige. Mwalimu mkuu akanyanyua kidole.

"Usipige," akasema kwa sauti ndogo. "Zunguka darasa kwa darasa, uwaambie watoke kimya. Kuna mtu amelala."

Shule nzima ikatoka kwa ncha za vidole. Watoto mamia waliozoea kupiga mayowe walipita mbele ya dirisha lile wameshikana mikono na kuzibana midomo, wakubwa wakiwanyamazisha wadogo, na walimu wakinong'ona. Mimi nilikaa chini kando ya kiti cha mwalimu mkuu. Jua lilipanda. Dada yangu alilala.